Mwenye Picha Hasemi

Vijana, wajukuu zangu na wengine wote mtakaoshika karatasi hizi, kaeni vizuri na hizo simu ziwekeni chini kwanza. Faida za simu nazijua, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mimi ni kizee nisiyejua mambo. Nataka kuwaeleza mwaka mmoja tu. Sitawaeleza nilizaliwa wapi wala babu yenu nilimpata vipi. Hayo mnayajua, na msiyoyajua hayawahusu. Nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na sita, umri ambao hapa Barani, Malindi, mtu huanza kuchukuliwa kama kiti cha ukumbini, kipo na hakiulizwi kitu, na mimi mwenyewe nilishajichukulia hivyo. Mwaka huo ndio niliofunzwa kupiga picha za ndege. Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize. Nimerudi juzi kutoka Mambrui, kwenye msiba wa mtu aliyenifunza, na kile nilichokiona ukutani mwa chumba chake ndicho kilichonifanya nimwambie mjukuu wangu Kache anitafutie daftari.

Chumba changu cha chai baadhi yenu mmekikuta kimebadilika. Wakati ule kuta zilikuwa buluu hadi kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu chokaa nyeupe, na meza ilikuwa moja ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua ambacho nilikipangusa kila mtu aliponyanyuka, hata kama hakumwaga kitu. Dirisha lilitazama uani, na uani palikuwa na mlimau, kamba ya nguo, na mchanga niliokuwa nikiufagia mara mbili kwa siku mpaka ukawa na mistari ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikuwa mtu wa kufagia. Likumbukeni hilo. Kila Jumamosi, saa nne hivi asubuhi, waliingia wapiga picha wa ndege, kama watu saba, wametoka kule mto Sabaki unapoingia baharini, miguu imejaa tope jeusi, wananuka chumvi. Niliwafanya wanawe miguu kwenye karai nje kabla hawajakanyaga sakafu yangu. Waliagiza mahamri, mbaazi za nazi na chai ya iliki, na hawakuzungumza habari za picha mpaka sahani zilipokuwa tupu. Hiyo ilikuwa desturi yao ya kwanza. Ya pili ilikuwa hii: mtu aliweka kamera yake katikati ya meza, picha ikionekana kwenye kioo cha nyuma, halafu alinyamaza. Kila mmoja wa wengine alisema alichokiona, kizuri na kibaya, na mwenye picha hakujibu mpaka wa mwisho amalize. Hakujitetea, hakueleza jua lilikuwa wapi wala mkono ulitikisika kwa nini. Mwenye picha hasemi. Nilipita na birika nikisikia watu wazima wakitukanwa kazi zao na kukaa kimya, nikajiuliza hawa ni watu wa namna gani.

Mkubwa wao alikuwa Bwana Aboud wa Mambrui, mzee mwembamba wa kofia iliyoshonwa kwa mkono, aliyestaafu kazi ya kuchora ramani. Alikunywa chai bila sukari na alisema maneno yote hadi mwisho, hakukata herufi. Mwingine alikuwa Kadzo, muuguzi wa Kilifi, msichana mrefu mwenye kamera kubwa kuliko kichwa chake. Na wa tatu Fundi Safari, fundi wa majokofu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Wengine walikuja na kuondoka. Hawa watatu ndio mtakaowasikia hapa.

Jumamosi moja Safari aliweka picha ya yangeyange, mweupe kabisa, amesimama kwenye maji. Wote walisifu ule weupe. Mimi nilikuwa nainua sahani, macho yangu yakaangukia pale mezani, na mdomo ukasema kabla sijautuma.

"Huyu amekufa?"

Safari akageuka. "Amekufa vipi, mama? Si amesimama?"

"Jicho lake halina mwanga. Nikimkuta samaki na jicho hilo sokoni, simchukui."

Walicheka, Safari akajishika kifua kama aliyechomwa kisu, akasema, "Nimepigwa na mpishi, jamani, nizikeni." Bwana Aboud hakucheka. Aliivuta kamera, akaisogeza karibu na miwani yake, akatazama muda mrefu. "Mama Sidi amesema kweli," akasema. "Sote saba tumetazama manyoya. Yeye ametazama kama kuna mtu ndani." Jumamosi iliyofuata akaja na kamera ndogo ya zamani imefungwa kwenye kitambaa, mkanda wake ulishakatika akautengeneza kwa kipande cha leso ya mkewe. Akaiweka mbele yangu penye unga. "Nakuazima. Si zawadi. Ukichoka nirudishie."

Picha zangu za kwanza zilikuwa aibu. Nilimpiga kunguru, akatoka kama soksi. Nilimpiga tetere ukutani, nikapata ukuta. Niliziweka mezani kama wengine, nikasimama na kitambaa changu cha kupangusia mkononi, nikafunga mdomo. Safari alilipiza. "Hii ni njiwa ama ni chapati imeungua upande mmoja?" Kadzo alikuwa na huruma lakini hakuficha: "Mama Sidi, umebonyeza ukiwa na pumzi. Toa pumzi kwanza, halafu bonyeza." Na Bwana Aboud kwa sauti yake ya kusoma hati: "Umempiga kutoka juu, kama unavyomchungulia jirani kwenye ua wake. Ndege haonekani hivyo. Shuka." Nililala na neno hilo. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na huko sikumbuki mwalimu aliyewahi kunikosoa kitu kimoja kimoja. Nilikuwa nikiambiwa mjinga kwa jumla na kukaa chini. Hapa nilikuwa naambiwa pumzi, naambiwa magoti, naambiwa kidole. Ilikuwa heshima ambayo sikuijua jina lake.

Basi nilishuka. Walinichukua Sabaki alfajiri, wakati maji yametoka na tope limebaki linang'aa kama sinia, na mimi bibi wa watu, nikakunja leso yangu, nikalala kifudifudi kwenye tope lile. Nikashikilia kamera juu ya viwiko. Kwa muda sikuona kitu ila maji na mwanga. Halafu wakaja vitwitwi, vindege vya kijivu visivyojaza kiganja, wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama, na kwa sababu nilikuwa chini sawa nao hawakunihesabu kuwa mtu. Mmoja alikuja mpaka nikaona tone la maji kwenye ncha ya mdomo wake, na ndani ya tone hilo anga imepinduka. Nikaliona jicho. Jeusi, na nukta moja ya jua ndani yake. Nimeishi miaka yote ile na ndege juu ya paa, kwenye mlimau, kwenye majalala, na hakuna aliyewahi kunitazama, ama mimi ndiye sikuwahi kuwa mahali anapoweza kunitazama. Kadzo alinong'ona nyuma yangu kwamba ndege yule anatoka kwenye nchi za barafu, anakuja hapa kula na kurudi, kila mwaka, kwa mbawa zile zile. Nyuma ya vitwitwi, mbali, heroe, wale ndege wa miguu na shingo ndefu, walikuwa wamesimama kwenye maji mamia, na jua lilipochomoza wote walibadilika rangi kwa pamoja, kutoka kijivu hadi waridi, polepole kama mtu anayeona haya. Nilisahau kubonyeza. Tulipofika chumbani mwangu kamera yangu haikuwa na kitu, na Safari alipouliza picha ziko wapi nikamwambia nilikuwa na shughuli. Bwana Aboud akatabasamu ndani ya kikombe. Mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Mwaka ule walikuwa wamepata ukumbi Kilifi, karibu na ofisi za serikali, ambapo wangetundika picha kumi na mbili mwisho wa mwaka watu waje kuzitazama. Kila picha ilibidi ipite mezani pangu na ikubaliwe na wote. Ukuta wa Kilifi, ndivyo walivyouita, na neno hilo liliniingia mwilini. Nilitaka. Sijawahi kutaka kitu cha namna ile, kisicholiwa wala kuvaliwa. Nilijiona nimesimama mbele ya ukuta, chini ya picha jina langu limeandikwa kwa herufi za kuchapwa, na wale waliosoma wakisimama kuliangalia. Nawaambieni ukweli huu kwa sababu bila huo hamtaelewa nilichofanya.

Picha zangu zilipona ugonjwa wa ukungu. Zikapona macho. Lakini kila Jumamosi palibaki kosa moja, na Bwana Aboud alilirudia mpaka nikalisikia usingizini: "Nyuma ya ndege kuna vurugu." Mdiria mzuri amekaa kwenye mti, na nyuma yake ndoo ya plastiki. Kwarara anatembea, na nyuma yake matawi yamepishana kama nywele zisizochanwa. "Ondoa vurugu, Mama Sidi. Jicho la mtazamaji lina kazi moja, usilipe kumi." Kadzo akasema hivyo hivyo, na Safari: "Ua wako unameta, picha zako kama gereji." Hilo liliniuma kuliko chapati. Mimi niambiwe mchafu.

Mvua za masika zilipokatika, chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, akajenga kwenye mlimau wangu. Wengine hamjui kiota cha chozi. Ukikiona utadhani ni takataka iliyonasa: majani makavu, nyuzi za buibui, kipande cha karatasi ya peremende, vimeshikana na kuning'inia kwenye kitawi kama mfuko, na tundu upande mmoja lenye kipaa kidogo juu yake, kama nyumba yenye baraza. Jike, wa rangi ya udongo, alishona peke yake siku nyingi. Niliacha unga ukingoja nikimtazama akileta uzi wa buibui mdomoni, akiuzungusha, akiurudia, akisukuma kwa kifua kutoka ndani ili nyumba ipate tumbo. Dume akija, jua likimpiga, kifua chake kilikuwa kijani, akigeuka kikawa zambarau, akigeuka tena kikawa kama makaa yanayokufa. Sikuwa na maneno ya rangi hizo na hadi leo sina. Makinda wakaanguliwa, wawili. Nilisikia kabla ya kuona, sauti nyembamba kama mlango wa kabati.

Nikapiga picha. Nikazitazama. Mbele ya kiota majani, nyuma ya kiota majani, kivuli juu ya kila kitu, na vurugu. Nikamsikia Bwana Aboud kabla ya Jumamosi kufika.

Nikachukua kisu cha jikoni, kile cha kukatia muhogo, nikasafisha. Nilisafisha kwa uangalifu, mjue. Kitawi chenye kiota sikukigusa. Niliondoa cha mbele, nikaondoa viwili vya juu vilivyotia kivuli, nikaondoa vya nyuma mpaka ukuta mweupe ukaonekana laini, kisha nikafagia majani nikayatupa. Nilifurahi na kazi yangu kama ninavyofurahi na sakafu. Jike alirudi, akaruka akizunguka, akasita, halafu njaa ya wanawe ikamshinda, akaingia. Dume akaja naye. Na jua la saa tatu likaingia moja kwa moja pale lilipokuwa halijawahi kuingia, likawapata wote: mama na mdudu mdomoni, baba amegeuza kifua kile, na makinda wawili wametoa vichwa, midomo wazi, ndani wekundu wa machungwa, kama maua mawili. Nilitoa pumzi. Nikabonyeza. Nilijua papo hapo nimeipata. Nikakaa chini kwenye mchanga wangu uliofagiliwa.

Asubuhi ya pili nilisikia kunguru. Kunguru wa Malindi mnawajua, hawafichi furaha yao. Nilitoka na mwiko mkononi na palikuwa hapana kitu cha kutetea. Mfuko ulikuwa umechanwa, unaning'inia kama soksi, nyuzi za buibui zinapepea. Jike alikuja na mdudu mdomoni. Akasimama hewani mahali pale pale palipokuwa na tundu, mbawa zikienda kwa kasi ile ambayo huzioni, akaondoka, akarudi, akasimama tena hewani. Alifanya hivyo mpaka adhuhuri. Mdudu hakumwachia. Sikupiga picha hiyo na sihitaji kuipiga.

Siku tatu baadaye ilikuwa Jumamosi. Niliweka kamera mezani.

Sikilizeni nilivyokuwa. Kanuni yao ya mwenye picha hasemi ilinifaa siku hiyo. Nilisimama na kitambaa changu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulionekana adabu. Safari kwa mara ya kwanza alikosa mzaha. Alisema taratibu, "Mama Sidi, hii umeipata wapi, peponi?" Kadzo alivuta pua, akasema anaona watu wanne wa nyumba moja, hakuona ndege. Mmoja akasema hiyo ndiyo picha ya kati ya ukuta, zile nyingine zipangwe pembeni. Zamu ikamfikia Bwana Aboud. Aliitazama kwa muda ambao chai inapoa. Kisha akanyanyuka, akaenda dirishani, akatazama mlimau. Kutoka pale nilipokuwa niliviona nami: vikonyo vyeupe vya matawi yaliyokatwa, sita au saba, na kati yake kile kiota kilichochanika. Akarudi akakaa.

"Picha ni nzuri," akasema. "Sina la kuongeza."

Hakumaliza chai yake. Ndilo jambo pekee alilolifanya. Aliaga kama kawaida, akanishukuru kwa mbaazi.

Wiki ile sikufagia ua. Nilikuwa naweza kunyamaza, ndivyo nilivyojiambia. Hakuna aliyeniuliza, na mwenye picha hasemi. Jina langu lingechapwa. Bwana Aboud angenyamaza pia, nilimjua, angekufa na siri yangu kwa heshima. Lakini kila nilipowasha jiko nilimwona yule jike amesimama hewani, na kila nilipofunga macho niliona ile picha, na ilikuwa nzuri, ndilo jambo lililonitisha. Uzuri wake haukupungua hata kidogo. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu kibaya huonekana kibaya. Mkate uliooza unanuka. Hii haikunuka.

Jumamosi ilipofika sikungoja wamalize kula. Walipokaa tu, kabla ya mahamri, niliweka kamera mezani.

"Nataka kusema juu ya picha yangu."

"Mwenye picha hasemi," Safari akasema, akicheka.

"Leo atasema, nawe utanyamaza." Akanyamaza. "Nilikata matawi. Ya juu na ya mbele. Nilitaka pawe safi. Siku ya pili yake kunguru walikula makinda wote. Nilipowaonyesha picha walikuwa wameshakufa siku tatu. Mlisifu maiti."

Birika lilikuwa linachemka na sikwenda kuliepua. Kadzo ndiye wa kwanza: "Ni sisi. Kila Jumamosi tulikwambia ondoa vurugu, ondoa vurugu."

"Hamkuniambia nishike kisu."

"Hatukukwambia usishike," Bwana Aboud akasema. "Mimi nilipaswa kukwambia. Nilikufunza namna ya kuona, nikasahau kukufunza namna ya kujizuia. Vurugu ya nyuma huondolewa kwa mpiga picha kusogea. Anasogea yeye, au anangoja, au anarudi nyumbani mikono mitupu. Majani yale hayakuwa vurugu, Mama Sidi. Yalikuwa nyumba." Kisha akaivua miwani. "Nami niliona wiki iliyopita nikanyamaza. Hilo nalo ni kosa, na ni la mtu mzima."

"Picha haiendi Kilifi," nikasema.

"Haiendi."

Nikaisukuma kamera juu ya kitambaa cha plastiki mpaka ikafika mbele yake. Akaitazama, akaitazama leso ya mkewe iliyofungwa pale. Akanirudishia kwa kidole kimoja.

"Nilisema ukichoka. Umechoka?"

"Sijachoka."

"Basi tuletee chai."

Picha ile niliifuta mbele yao. Msinihurumie kwa hilo; kuna mambo hayafai kuwekwa hata kama ni mazuri.

Chozi alirudi. Sikustahili, lakini ndege hatazami stahili zetu. Mwaka ulipokaribia kwisha, jike yule au mwingine, alijenga kwenye boganvilia lililotambaa ukuta wa ua, ndani kabisa, penye miiba. Nilimpiga kutoka dirisha la jikoni, hatua nyingi mbali, wiki nzima bila kusogeza hata kikombe kilichokuwa dirishani. Picha niliyoipata ilikuwa majani. Majani matupu, kivuli na maua mawili yaliyokauka, na ndani huko, mahali panapofanana na pengine popote, jicho moja. Niliiweka mezani, nikanyamaza. Safari akasema, "Mama Sidi leo ametuletea picha ya mboga." Kadzo aliitafuta, akakiri hakuona. Bwana Aboud aliigeuza huku na huku, kisha mkono wake ukasimama.

"Aa," akasema. "Yumo." Kisha, "Mwache akae."

Aliniomba picha hiyo, nikampa, na sikujua aliifanyia nini. Mwezi uliofuata nilikwenda Kilifi nimevaa leso mpya, nikatazama ukuta wao. Picha zilikuwa kumi na moja. Yangeyange mpya wa Safari alikuwepo, na mwanga ndani ya jicho lake, akaniambia, "Huyu unamnunua, mama?" Nikamwambia huyu namnunua. Nilitembea ukuta wote mara tatu. Haikuuma nilivyodhani.

Sasa Mambrui. Bwana Aboud alizikwa kabla sijafika, kwa desturi yao. Niliingia kwa wanawake, nikasema poleni na msiba, wakasema tumeshapoa, wakanisogezea mahali kwenye mkeka. Chumba kilikuwa chake: meza ya kuchorea, rula ndefu zimening'inizwa kwa mpangilio wa urefu, na ukutani, peke yake, mahali ambapo mtu aliyelala kitandani angeitazama akifumbua macho, picha kubwa yenye kioo. Majani. Kahawa ilikuwa inapitishwa na wanawake walikuwa wamechoka kulia, basi wakaanza kuizungumza, kama watu wanavyozungumza chochote msibani.

"Picha ya majani hiyo, mwaka wa ngapi ipo hapo," akasema mkamwana wake. "Nilitaka kuitoa niweke saa, baba akakasirika siku mbili."

"Huenda ni mti wa dawa," mwingine akasema.

"Dawa gani, hilo si boganvilia? Mimi hata kwa bure siiweki nyumbani. Giza tupu."

"Aliyeipiga alisahau kumwita mtu asimame mbele."

Wakacheka kidogo, wakajiziba midomo kwa buibui. Mimi nilishika kikombe changu kwa mikono miwili na sikusema. Wa mwisho alikuwa dada yake marehemu, Bi Zuhura, mzee kuliko mimi, aliyekuwa kwenye kiti karibu na ukuta. Alinyanyuka kwa shida, akaweka uso wake kwenye kioo karibu kukigusa. Tulingoja. Nilitoa pumzi.

"Mna jicho humu," akasema. "Tazameni. Linatutazama."

Wote wakanyanyuka na vikombe vyao. Wakasukumana, wapi, wapi, hapo, la, chini ya hilo jani, na mmoja mmoja nilisikia sauti ikimtoka, ndogo, ile sauti mtu asiyoijua kama anayo. Mkamwana alisimama pale kwa muda mrefu kuliko wote. Walipokuwa wamemaliza, wote kabisa, nikasema, "Mimi ndiye niliyeipiga." Bi Zuhura akageuka akanishika mkono, hakuuliza jina.

Nilifika nyumbani alasiri nikapitia uani. Kwenye kamba ya nguo, hapo hapo mlangoni, chozi alikuwa ameanza kushona nyumba yake kwenye kibanio kilichosahauliwa, na leso yangu kuukuu iliyokuwa imeanikwa ilikuwa inamkinga jua na kunguru. Kache alikuwa amesimama chini yake, simu imenyanyuliwa, na kwa mkono wa pili alikuwa anaivuta leso taratibu pembeni ili mwanga uingie.

"Hawe, njoo uone," akaninong'oneza, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Nikiitoa hii tu, atatokea vizuri."

Nikaushika ule mkono. Nikawaita wote wa nyumba hii watoke, waliokuwa wakila na waliokuwa wamelala, nikawaambia: "Leso hii haiguswi, hata ipauke mpaka ipasuke. Nguo zitaanikwa kwa jirani. Mlango huu wa uani unafungwa kwa ndani tangu sasa, na kila mtu apite mbele, nami nikiwemo, mpaka makinda waruke wenyewe."